Fundi, Mtoto Atanyonyea Wapi?

Gauni lenyewe lilikuwa zuri, na hilo lisemwe kwanza, maana wanaosimulia visa vya namna hii hupenda kuanza kwa kulitukana gauni. Lilikuwa la kitenge cha kijani, juu yake lesi. Koseti ilibana kuanzia kwapani hadi kiunoni, ndani ya bitana imeshonewa mifupa ya plastiki, mgongoni kamba za kukazia, kifuani stoni zinazong'aa. Fundi wake ni wa Moshi mjini, stadi, mtu asiyechelewesha kazi ya mteja. Mwenye gauni alikuwa mzazi wa Chekereni, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, na gauni lilikuwa la siku ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa na miezi mitatu.

Jina lake silitaji. Kisa hiki kimeungwa kutokana na mambo yanayowapata wazazi wengi wa upande huu, na mwanamke aliyewahi kunyonyesha ataona kipande chake humu ndani.

Alikwenda kupimwa jioni. Mtoto alikuwa ametoka kunyonya muda si mrefu, maziwa yote mawili mepesi. Fundi alipitisha tepu kifuani, akaandika namba kwenye daftari, halafu akapunguza kidogo, kwa sababu koseti ikilegea si koseti tena. Kwa mizani ya ushonaji hakukosea. Lakini kifua cha mama anayenyonyesha hakina kipimo kimoja. Alfajiri, mtoto akiwa amelala kwa muda mrefu kidogo, kinakuwa kikubwa na kizito, akishanyonya, kinashuka, baada ya saa mbili au tatu kimeanza kujaa tena. Namba iliyoandikwa kwenye daftari ilikuwa ya kifua kilichotoka kunyonywa, nalo gauni lilikuwa la kuvaliwa kutwa nzima.

Fundi hakuuliza mteja wake amejifungua lini. Mzazi hakusema. Mama mkwe, aliyemsindikiza, alikuwa akikagua lesi kama ni ile waliyonunua au imebadilishwa. Wifi yake ndiye aliyechagua mshono kwenye simu. Mume alitoa fedha, akauliza bei, akanyamaza. Watu wote hao wanampenda mtoto yule. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo kuliko yote: mtoto atanyonyea wapi?

Asubuhi ya ubatizo mtoto alinyonya saa kumi na mbili. Kabla ya saa mbili mama alikuwa amesimama ameshika fremu ya mlango, wifi yuko nyuma anakaza kamba, goti limeegemezwa ukutani ili apate nguvu. Ndani alikuwa amevaa sidiria ya waya, kwa sababu koseti ile ilitaka kifua kilichonyanyuka. Walipomaliza hakuweza kuinama kuvaa viatu, alivishwa. Kila mtu alisema amependeza, na kweli alikuwa amependeza.

Ibada ilikuwa ndefu kama zilivyo ibada za ubatizo wa watoto wengi siku moja. Mtoto alianza kulia kabla ya mahubiri kwisha. Mama alitoka naye nje, akakaa kwenye benchi kivulini, akatazama kifua chake, na hapo ndipo alipofahamu. Mbele hapakuwa na kifungo wala zipu. Juu, lesi ilifika shingoni. Njia pekee ya kulifikia ziwa ilikuwa kufungua kamba zote za mgongoni, na aliyezifunga alikuwa ndani kanisani akirekodi kwa simu.

Wifi alipofuatwa alikuja, akaliangalia lile fundo, akaangalia watu waliosimama uwanjani.

"Vumilia, wifi. Ni siku moja tu. Tukilifungua hapa halitafungika tena kabla ya picha."

Bibi mmoja akashauri mtoto apewe maji yenye glukosi. Mwingine akatuma bodaboda dukani kuleta maziwa ya kopo na chupa. Mtoto aliikataa chupa kwanza, akalia mpaka akachoka, kisha akanywa kwa njaa. Baada ya hapo zikaja picha, kisha mchemsho, keki, zawadi, hotuba ya baba mkubwa, muziki. Chekereni ni tambarare yenye joto. Anayeshuka kutoka Kibosho au Marangu, kule mlimani, hulihisi joto lile mara anapofika, na chini ya turubai la sherehe linazidi. Ile bitana ya poliesta haikunywa jasho wala maziwa yaliyokuwa yakitiririka. Kufika saa kumi mzazi alikuwa anatabasamu huku amebana mikono kifuani. Gauni lilivuliwa baada ya jua kuzama.

Siku moja tu. Sentensi hii ndiyo iliyomponza, na ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo inafaa tuipime. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi magharibi, mtoto yule alikosa ziwa mara nne, pengine sita. Maziwa hayasubiri sherehe iishe. Mwili unaendelea kuyatengeneza. Yasipotoka yanakaa, ziwa linavimba, na uvimbe unaibana mirija ambayo maziwa yangepitia. Waya wa sidiria ukikandamiza sehemu moja na mfupa wa koseti ukikandamiza nyingine, sehemu hizo ndizo zinazoziba kwanza. Wataalamu wa afya ya uzazi wamelisema hili kwa miaka mingi: nguo inayobana kifua ni miongoni mwa mambo yanayochangia ziwa kuvimba na kuuma, pamoja na kuruka zamu za kunyonyesha na mtoto kutolikamata ziwa vizuri. Yeye siku ile alikuwa nayo yote matatu.

Hilo la tatu lilikuja usiku. Alipomweka mtoto, ziwa la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe na ngozi imevutika inang'aa, hata chuchu imelala. Mtoto hana pa kushika. Anafungua kinywa, anateleza, analia. Mama akampa ziwa la kulia, lile la kushoto akaliacha lipumzike. Alilala na sidiria ileile.

Kesho yake alitetemeka kwa baridi katikati ya joto la Chekereni. Upande wa nje wa ziwa, pale waya ulipokuwa umekaa, palikuwa na wekundu na uvimbe uliouma hata kanga ikigusa. Wakubwa wa nyumba wakafanya wanayoyajua. Mmoja alisema maziwa ya upande ule yamechacha, mtoto asiyanyonye kabisa. Mwingine alichemsha maji, akalikanda ziwa kwa kitambaa cha moto, akilisukuma kwa viganja kwa nguvu zake zote huku mzazi akiuma upindo wa kanga. Walifanya kwa upendo, na yote mawili yaliongeza madhara. Maziwa hayachachi ndani ya mwili. Mtoto akiendelea kunyonya ziwa lililovimba hadhuriki, na kunyonya kwake ndiyo tiba ya kwanza, kwa kuwa ndiko kunakolipunguza. Kulisukuma kwa nguvu nako kunaumiza nyama laini za ndani na kuongeza uvimbe. Kitambaa cha baridi na mkono mwepesi vingemsaidia zaidi.

Alikaa na homa siku kadhaa kabla ya kupelekwa hospitali. Kufikia hapo lilikuwa jipu. Walilipasua, wakatoa usaha, wakampa dawa, na kwa siku nyingi alikuwa akienda kusafishwa kidonda, mtoto amebebwa na bibi yake nje. Muuguzi alimfundisha kuendelea kunyonyesha na kukamua. Alijitahidi. Lakini ziwa lisilotolewa maziwa huambiwa na mwili lipunguze kazi, na la kushoto lilikuwa limekaa muda mrefu bila kunyonywa. Mtoto alikuwa amezoea chupa. Miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, anayoifundisha kila muuguzi wa kliniki, kwake iliishia kwenye wa tatu.

Wapo watakaosema alikuwa mpenda fahari. Mimi siungi mkono. Mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa, akajifungua, akakaa ndani akilishwa mtori, ana haki ya kutoka akiwa amependeza. Uchagani haki hiyo ni ya zamani sana. Maandishi ya kale kuhusu Wachaga yanaeleza jinsi mzazi alivyokaa ndani miezi mitatu bila kazi, kisha akatolewa hadharani: amenyolewa nywele, amevishwa vazi la ngozi lililopambwa kwa shanga, ameshikishwa fimbo kama ya wazee, anatembea polepole na mtoto wake kwenda sokoni, na watu wanampokea kwa nyimbo za kumpokea shujaa aliyerudi vitani. Vazi lile lilimtangaza kuwa ni mzazi. Koseti ilimtaka afanane na msichana ambaye hajazaa. Hapo ndipo nguo zetu za leo za sherehe zilipoachana na heshima ile. Tunamtoa mzazi nje, tunamshangilia, halafu tunamvika nguo inayoficha kwamba amezaa, na katika kuficha tunamfungia mtoto mlango. Mikanda ya kupunguza tumbo inayouzwa madukani iko kwenye safari hiyohiyo: mama wa wiki sita anajifunga mkanda mgumu unaopanda hadi chini ya maziwa, anashinda nao, kisha anashangaa kifua kinamuuma. Bibi zetu nao walifunga tumbo, lakini kwa kanga, na kanga hulegezwa wakati wowote.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba Chekereni penyewe pana ujuzi mkubwa wa mavazi ya kunyonyeshea. Tangu Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, mpunga unalimwa pale kwa zamu za maji, na wanawake ndio wengi kwenye kupandikiza miche. Mtoto analazwa kwenye kanga karibu na mfereji, chini ya uangalizi wa dada yake au bibi. Akilia, mama anatoka kwenye tope, ananawa, anakaa, anampokea. Mkono mmoja umemshika mtoto. Uliobaki ni mmoja tu, na kwa mkono huo nguo lazima ifunguke.

Ukiwatazama kina mama hawa utaona walivyolitatua jambo. Juu, shati la kiume la mtumba, la pamba, kubwa, vifungo mbele. Ndani, fulana ya zamani iliyopasuliwa pande mbili kwa mkasi, mpasuo wa wima mbele ya kila ziwa, ili shati likifunguliwa vifungo viwili au vitatu tumbo na mgongo vibaki vimefunikwa. Kiunoni kanga moja, begani ya pili. Mtoto ananyonya ndani ya muda wa kufungua vifungo. Hakuna duka la nguo za wazazi lililowafundisha hivyo. Na iko kanuni nyingine ambayo wenye busara kule shambani wanaifuata, nayo nataka kila mama wa mashambani aijue: nguo uliyovaa siku ya kupulizia dawa mpunga haimgusi mtoto. Unavua, unaoga, unavaa nyingine, ndipo unyonyeshe, na ile unaifua peke yake. Mama anayenyonyesha afadhali kazi ya bomba la dawa aiache kwa mwingine kabisa.

Kumbe mzazi yule kila siku alikuwa na akili ya kuvaa. Siku ya sherehe aliiacha nyumbani, kwa kuwa shati la mtumba ni nguo ya kazi na gauni ni nguo ya watu. Yanayofuata hapa ni ya kuivusha akili ile ya shambani mpaka kwenye nguo nzuri.

Kipimo cha mkono mmoja kifanyike dukani au kwa fundi kabla ya kutoa fedha. Kaa kwenye kiti, shika mkoba mkono mmoja badala ya mtoto, fungua nguo kwa mkono uliobaki, kisha ifunge. Ikikushinda dukani, kanisani haitawezekana. Vifungo vya kubana ni rahisi kuliko vya tundu. Zipu ya mbele inafaa mradi meno yake yawe na kitambaa nyuma, kisije kidevu cha mtoto kikachunwa. Dera lenye shingo pana linatosha. Lenye shingo ndogo linakulazimisha uinue nguo yote kutoka miguuni, na hapo kwenye daladala utafanyaje? Blauzi na sketi, vipande viwili, karibu kila mara vinalishinda gauni la kipande kimoja, sababu blauzi unaiinua kidogo tu na mtoto mwenyewe anakifunika kilichobaki. Kwa walioko juu mlimani, ambako miezi ya Juni na Julai baridi huuma, sweta la kufungua mbele ndilo. Lile la kuvalia kichwani linamwacha mama ama amejifunika koo ama ananyonyesha tumbo likiwa wazi kwenye ukungu.

Kitambaa kina maneno mengi. Pamba inakunywa jasho, inafulika kwa maji ya moto, na doa la maziwa linatoka. Poliesta inabakiza unyevu kwenye ngozi, na chuchu ikishinda kwenye unyevu hulainika, hupasuka, na fangasi hupata makao. Siku hizi hata kanga na vitenge vingine si pamba tupu, na macho hayatoshi kuvitofautisha. Mafundi wana mtihani wao: chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji anayekukatalia uzi mmoja amekujibu. Usipotaka ubishi, dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Pamba isiyo na wanga mwingi hulinywa, poliesta huliacha likae juu au liteleze.

Nguo za rangi nyeusi iliyokolea au zenye maua mengi huficha maziwa yanapovuja. Hariri na vitambaa vyepesi vya rangi moja hutangaza. Lakini msitegemee maua peke yake. Kata vipande vya mviringo kutoka kwenye kanga kuukuu ya pamba, shona matabaka manne au matano, weka ndani ya sidiria, badilisha kila vikilowa, fua, anika juani. Usiweke nailoni nyuma yake kuzuia maji, maana itazuia na hewa. Stoni, shanga ngumu, bruchi na pini ziondoke kifuani kabisa. Shavu la mtoto wa miezi mitatu husuguliwa pale kila anaponyonya, na jiwe lililong'oka linaishia kinywani.

Juu ya sidiria nitasimama kidogo, kwa sababu ndiyo tunayoogopa kuisemea. Wazazi wengi wanavaa sidiria walizokuwa nazo kabla ya mimba, wakidhani kifua kitarudi wiki ijayo. Mirija ya maziwa inasambaa mpaka pembeni karibu na kwapa, na waya wa sidiria ndogo hukaa juu yake hasa. Mama anayenyonyesha avae isiyo na waya, ya pamba, inayoacha vidole viwili vipite chini ya mkanda wake hata ziwa likiwa limejaa. Zipo za kunyonyeshea, zenye kifuniko kinachofunguka mbele, na kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni, Moshi, hupatikana za mtumba. Ukinunua, zioshe kwa maji ya moto na sabuni, uzianike juani kabla ya kuzivaa. Usiku isiwepo, au iwe laini kabisa. Na mama asiyeipata ya kununua asijione duni. Fulana nyepesi ya pamba inayoshika bila kubana inatosha, na mama zetu walinyonyesha watoto wengi bila sidiria yoyote.

Kanga ya kujifunika ni yako mwenyewe kuamua. Mlimani na tambarare, kwa sehemu kubwa, mama kunyonyesha mbele za watu bado ni jambo la kawaida na nashukuru ni hivyo. Mijini mambo yanabadilika. Mei 2018, kina mama waliandamana Nairobi baada ya mama mmoja kueleza kwamba alitolewa kwenye mgahawa kwa sababu alikuwa ananyonyesha bila kujifunika. Wala haikuwa mara ya kwanza Afrika Mashariki mtoto kunyimwa chakula kwa ajili ya macho ya wakubwa. Anayependa kujifunika achague kanga nyepesi, aitundike begani, uso wa mtoto uonekane kwa juu. Joto la Chekereni likiwa limepanda, mtoto aliyefunikwa gubigubi hunyonya kidogo, hutokwa jasho, huacha, na watu husema maziwa ya mama yake hayamtoshi.

Kwa mzazi mwenye ajira kuna sehemu nyingine ya nguo ambayo hatuijadili: sare. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya muda wa kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Haki hiyo ya saa mbili inamezwa na gauni la sare lenye zipu mgongoni. Mwalimu, muuguzi, mhudumu wa hoteli, karani wa benki anayeletewa mtoto getini anatumia dakika kumi kutafuta choo cha kuvulia nguo, na hata akikamua kazini maziwa ya kupeleka nyumbani anakuta shida ileile. Mwajiri anayeheshimu sheria amruhusu blauzi ya vifungo ya rangi ileile ya sare. Haimgharimu chochote. Wakuu wa kwaya na viongozi wa vikoba nao wafikirie hivyohivyo wanapochagua mshono mmoja kwa wanachama wote. Katika wanawake thelathini, hawakosi wawili au watatu wanaonyonyesha.

Na dalili zikitokea, nguo ndiyo ya kwanza kuvuliwa. Ukihisi kinundu kinachouma, vua kinachobana, mnyonyeshe mtoto upande huo kila anapotaka, weka kitambaa cha baridi, pumzika, tumia parasetamo kwa kipimo chake. Siku moja ikipita bila nafuu, au ukipata homa na kutetemeka, au wekundu ukasambaa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje usaha. Mume anayesoma hapa achukue hili kuwa lake: nauli ya bodaboda ya saa nne usiku ni ndogo kuliko gharama ya kupasuliwa jipu.

Nirudi kwa mafundi, maana wao ndio wanaoweza kuzuia zaidi kuliko daktari. Lesi, kitenge, hata umbo la kiuno kilichokatwa vinaweza kubaki kwenye gauni la mzazi bila kumnyima mtoto chakula. Mpime mteja wakati ziwa limejaa, kabla mtoto hajanyonya, na uandike namba hiyo. Kifuani shona zipu mbili za kujificha za wima, kila moja ianzie juu ya chuchu ishuke kama sentimita 18, uzifunike kwa frili au kwa mkunjo wa kitambaa. Mtu aliyekaa mbele yake hataona kitu. Bitana ya kifuani iwe ya pamba. Mifupa isipande juu ya kiuno. Mbavuni, kila upande, acha akiba ya mshono ya sentimita 4, umwambie: mtoto akiacha kunyonya niletee, nitalipunguza bila malipo.